Sura ya 6: Mbona Kushuka Kunauma Kuliko Kupanda?

Swali hili huulizwa na watu wa kila aina katika Korogwe na Handeni. Anauliza mwanafunzi aliyekwenda Vugiri na wenzake kwa ziara ya shule. Anauliza mama anayeteremsha mboga kutoka Bungu siku ya gulio. Anauliza kijana wa Handeni aliyepata kibarua cha kubeba mizigo ya watalii Kilimanjaro. Maelezo yao hayapishani sana: kupanda nilihema, nikapumzika, nikafika. Kushuka ndiko kulikonimaliza. Kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi, magoti yanatetemeka, na kesho yake hata kuchuchumaa chooni ni kazi.

Jibu wanalopewa mara nyingi ni "huna mazoezi", na lina ukweli kidogo tu. Wapo wacheza mpira wenye pumzi za kutosha wanaoumia kwenye mteremko, na wapo wazee wa Kisambaa wanaoshuka njia hiyo hiyo huku wakipiga soga. Kinachowatofautisha ni mambo matatu: namna mwili unavyobeba uzito, namna kiatu kinavyoshika kisigino, na afya ya kiatu chenyewe.

Sura hii inayachukua mambo hayo moja baada ya jingine. Njiani tutapita mbali kidogo, hadi kwenye theluji, kwa watu wa mchezo wa skii. Skii ni vipande viwili virefu na vyembamba vinavyofungwa chini ya mabuti ili mtu ateleze juu ya theluji. Tunawaendea hao kwa sababu kazi yao yote ni kushuka, na kosa la kiatu ambalo sisi huligundua kesho yake, wao huanguka nalo papo hapo.

Misuli inayofanya kazi ya breki

Korogwe mjini ni takriban mita 300 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400. Anayetoka Lushoto kwa miguu hadi Mombo, chini ya mlima, anaushusha mwili wake karibu kilomita moja kwenda chini, na kila hatua inabidi aizuie isigeuke kuwa anguko.

Kazi ya kuzuia hufanywa hasa na misuli ya mbele ya paja. Unapopanda, misuli hiyo hujikunja na kuusukuma mwili juu. Unaposhuka, mambo yanageuka: misuli inavutwa na kurefuka huku imebeba uzito wako wote pamoja na mzigo. Msuli unaorefushwa ukiwa na mzigo hupata michubuko midogo sana ndani ya nyuzi zake. Ndiyo maana maumivu yenyewe hayaji njiani. Huanza kesho yake, hukolea siku ya pili, kisha huisha ndani ya siku chache bila dawa.

Habari njema ni kwamba msuli hujifunza haraka. Ukishuka mteremko mfupi mara kadhaa katika wiki chache, safari ndefu inayofuata haitakuumiza kama ya kwanza. Habari mbaya ni kwamba kukimbia kwenye tambarare za Mkata au Kabuku, hata kila asubuhi, hakumwandai mtu sawasawa kwa mteremko. Pumzi zitakuwepo, lakini breki hazijafanyiwa majaribio.

Kucha nyeusi zina hadithi yake. Kwenye tambarare, mguu hukaa mahali pake hata kama kiatu ni kipana. Kwenye mteremko, kila unapokanyaga, mguu husogea mbele kidogo ndani ya kiatu na vidole hugonga ncha. Pigo moja si kitu. Yakifika maelfu, damu huvilia chini ya ukucha. Watu wakiona hivyo hulaumu sehemu ya mbele ya kiatu na kukimbilia kununua kikubwa zaidi. Chanzo kiko nyuma: kisigino hakikushikwa, ndiyo maana mguu ukapata nafasi ya kusafiri. Kiatu kikubwa zaidi kitaurefushia safari.

*Kwa ufupi:* maumivu ya mapaja ni kazi ya breki ambayo mwili haujaizoea. Kucha nyeusi ni kisigino kisichoshikwa.

Kiatu kinachokaa

Wengi wetu hununua mabuti ya mtumba, na mengine ni imara kuliko mapya ya bei hiyo hiyo. Tatizo ni ushauri unaokuja nayo pale chini kwenye turubai.

"Kimenibana vidoleni, kaka."

"Hicho kitaachia tu, dada. Vaa siku mbili tatu utaona."

Ukichukua kikubwa, ushauri unageuka: "Weka soksi mbili, kinakaa freshi."

Yote mawili yana kasoro. Ngozi huachia upande wa mapana, kwa hiyo kiatu kinachobana pembeni mwa unyayo kinaweza kulainika. Urefu haubadiliki, kwa sababu umeshikwa na soli. Kiatu kifupi leo ni kifupi mwakani. Soksi mbili nene nazo hujaza nafasi bila kushika kitu. Hujikunja, hutunza jasho, na mkunjo uliolowa ndio unaozaa malengelenge.

Namba nayo isikutawale. Namba 42 ya Ulaya inakaribiana na namba 8 ya Uingereza, na Marekani wana hesabu yao nyingine. Kwenye rundo la mitumba namba hizo zote zimechanganyika, na kila kiwanda kina kipimo chake. Pima mguu wako mwenyewe: simama juu ya karatasi, kisigino kikiwa kimegusa ukuta, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, kisha pima kwa rula. Pima miguu yote miwili, kwani watu wengi wana mguu mmoja uliozidi mwenzake kidogo. Nunua kwa mguu mrefu. Nenda kununua jioni, maana mguu huvimba kidogo mchana kutwa, na safarini utavimba hivyo hivyo.

Kisha fanya majaribio haya matano kabla ya kutoa hela:

1. Toa soli ya ndani ya kiatu, ile inayochomoka, uisimamie. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Pembeni mguu usimwagike nje.
2. Vaa soksi utakazotumia safarini. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse ncha. Kidole cha shahada kiweze kupita nyuma ya kisigino.
3. Gonga kisigino chini ili mguu urudi nyuma kabisa, ndipo ufunge kamba.
4. Simama kwa ncha za vidole. Kisigino kikipanda na kuachana na soli waziwazi, kiatu hicho si chako.
5. Tafuta mteremko wowote: ngazi, mbao iliyoinamishwa, ukingo wa mtaro. Geukia chini na ukanyage kwa nguvu mara kumi. Vidole vikigonga mbele, rudisha.

Jaribio la tano ndilo linaloachwa na karibu kila mtu, kwa sababu watu hujaribu kiatu wakiwa wamesimama wima juu ya turubai. Muuzaji akikushangaa, mwambie unakwenda milimani. Atakuelewa.

Kamba: dakika moja inayookoa kucha

Watu hufunga kamba asubuhi na kuzifungua jioni. Wanaojua mlima hufunga mara mbili. Unapopanda, legeza kidogo sehemu ya juu ya buti ili kifundo kipinde kwa uhuru. Ukifika kileleni, kaa chini, gonga kisigino nyuma, na ukaze upya kuanzia juu ya unyayo hadi kifundoni. Vidole viachiwe nafasi ya kucheza.

Kama kisigino bado kinapanda, tumia kitanzi. Chukua kamba ya kila upande uirudishe kwenye tundu la juu kabisa la upande huo huo, ili kibaki kitanzi kidogo. Kisha pitisha ncha ya kamba ya kulia kwenye kitanzi cha kushoto, na ya kushoto kwenye kitanzi cha kulia. Vuta zote mbili kwenda chini, halafu funga kama kawaida. Utahisi kisigino kikirudi nyuma na kutulia hapo. Hata raba za kawaida zenye tundu la ziada juu zinakubali ufungaji huu.

Hofu hukuvuta nyuma

Sasa tuje kwenye kusimama. Mpeleke mtu kwenye njia ya udongo mwekundu wa Usambara baada ya mvua ya masika, umwambie ashuke. Karibu kila mgeni atafanya jambo moja: ataegemea nyuma, atakaza magoti na kukanyaga kwa kisigino. Mwili unaona bonde na unataka kuwa mbali nalo.

Hilo ndilo linalomwangusha. Akiegemea nyuma, uzito wote unakaa kwenye ukingo mdogo wa kisigino, na meno ya sehemu ya mbele ya soli hayagusi chochote. Kisigino kikiteleza, hakuna kingine cha kushika. Anakaa chini kabla hajajua kilichotokea.

Wanaojifunza skii hupata shida hiyo hiyo siku ya kwanza. Mteremko wa theluji uko mbele yao, hofu inawavuta nyuma, na skii zinakimbia bila wao kuzitawala. Kwa hiyo somo la mwanzo huwa juu ya miguu: kunja goti na kifundo mpaka ugoko, yaani mfupa wa mbele wa mguu chini ya goti, ulalie ulimi wa buti. Hapo uzito unakuja mbele na skii zinatii. Kisha mwanafunzi hufundishwa kupunguza kasi kwa kukaribisha ncha za mbele za skii na kutanua sehemu za nyuma.

Mtu asidhani theluji ni mambo ya wenzetu tu. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na wakatumia skii kushuka. Na Afrika Mashariki ina mwanariadha aliyeonyesha ulimwengu kwamba pumzi peke yake haitoshi. Philip Boit wa Kenya alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Mwaka 1996 yeye na mwenzake Henry Bitok walipelekwa Finland kwa ufadhili wa kampuni ya Nike kujifunza skii za masafa, na kabla ya hapo Boit hakuwahi kuiona theluji. Miaka miwili baadaye, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, alishindana katika kilomita 10. Mvua ilikuwa imenyesha, na theluji iliyolowa ikawa inashika chini ya skii zake. Alimaliza wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimsubiri kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia, na Boit baadaye akampa mwanawe jina la Daehlie.

Mapafu ya Boit yalikuwa ya mkimbiaji wa kimataifa. Alichopungukiwa ni miaka: wapinzani wake walikuwa wamesimama juu ya skii tangu utotoni, na miguu yao ilijua cha kufanya bila kuambiwa. Hakukata tamaa, kwani alirudi kwenye Olimpiki za 2002 na 2006.

Na sisi tunao mabingwa wetu wa mteremko. Mtazame yule mama wa Bungu mwenye tenga kichwani. Hawezi kuegemea nyuma, maana tenga litaanguka. Hawezi kupiga hatua ndefu, maana litayumba. Mzigo wenyewe unamlazimisha kuweka kichwa, nyonga na nyayo kwenye mstari mmoja, magoti yakiwa yamelegea kidogo. Mwalimu wa skii angempa alama zote.

Chukua kwake haya:

- Piga hatua fupi. Hatua ndefu ni kuruka, na kila mruko unaongeza pigo gotini.
- Magoti yasikazwe kamwe. Goti lililonyooka hupokea pigo kwenye mifupa, lililokunjwa hulipokea kwenye misuli.
- Kanyaga kwa unyayo mzima ili soli yote ishike.
- Weka uzito juu ya miguu. Ukihisi umeogopa, kunja magoti zaidi na urudishe kifua mbele.
- Pasipo njia, usishuke wima. Kata kona kulia na kushoto. Pakiwa pakali sana, simama ubavu na ushuke kwa pembeni, kama watu wa skii wanavyofanya.
- Tanguliza fimbo kabla ya mguu. Ya kushukia iwe ndefu kidogo kuliko ya kupandia, ili usilazimike kuinama kuifikia ardhi.
- Mzigo wa mgongoni ukae karibu na mgongo, vitu vizito vikiwa kati. Mfuko unaoning'inia nyuma unakuvuta kule kule hofu inakokuvuta.

Vilima vya Handeni vina mtego wao, hasa kiangazi: changarawe iliyolala juu ya udongo mgumu. Hapo soli inashika, lakini vijiwe vinaviringika chini yake. Punguza hatua zaidi, na ukanyage pale penye jiwe kubwa lililozama au mzizi wa majani.

*Kwa ufupi:* kwenye mteremko wowote, wa tope, wa changarawe au wa theluji, uzito ukae juu ya miguu. Kiatu kisichoshika kisigino hakitakuruhusu kufanya hivyo, hata ukijua.

Kwa ndugu walioko ughaibuni: buti la skii

Wapo Waswahili wanaoishi kwenye theluji, na baadhi ya watoto wao wamekwenda mbali. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika skii za milimani kwenye Olimpiki ya 2018 huko PyeongChang, Korea Kusini. Kama nawe umealikwa na wenzako wa kazini kwa mara ya kwanza, jua mambo machache.

Buti la skii ni ganda gumu la plastiki lenye kiatu laini ndani. Hupimwa kwa sentimita za mguu, kwa mfano 26.5, kwa hiyo ile karatasi ya ukutani inakutosha. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo tu. Ukikunja magoti, virudi nyuma na kuachana na ncha. Kisigino kisipande hata chembe. Vaa soksi moja nyembamba na ndefu, na suruali ibaki nje ya buti, maana mkunjo wowote ndani utakuchuna ugoko kabla ya saa sita mchana. Wageni wengi huchagua buti kubwa kwa sababu linaingia bila tabu, kisha hulikaza vifungo hadi miguu ife ganzi. Chukua dogo linaloshika bila kukazwa sana.

Adui wa kiatu ni unyevu, mchawi wake ni moto

Kuna msiba unaowapata sana wanunuzi wa mabuti ya mtumba. Buti linaonekana jipya na ngozi inang'aa. Saa mbili baada ya kuanza safari, soli inabanduka yote au inamegeka vipande vipande.

Ubaya uko kwenye tabaka la katikati ya soli, lile laini linalopunguza pigo. Kwenye mabuti mengi ya milimani, tabaka hilo hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki yenye povu. Unyevu wa hewani huitafuna polepole kutoka ndani, hata kama buti limekaa kabatini bila kuvaliwa. Kwa hiyo buti lililohifadhiwa miaka mingi huko lilikotoka, kisha likasafiri ndani ya robota, laweza kuwa limeshakufa kabla hujalinunua.

Lipime hivi. Bonyeza tabaka hilo kwa ukucha wa kidole gumba, pembeni, karibu na kisigino. Likiwa zima, linarudi. Likiwa limeoza, alama inabaki au unga unatoka. Kisha likunje buti kwa mikono miwili na uangalie palipokunjika: nyufa ndogo nyingi ni dalili mbaya. Mwisho, jaribu kuibandua soli pale mbele kwenye ncha. Uwazi unaopitisha kucha leo utapitisha tope kesho.

Baada ya safari, utunzaji wenyewe hauna gharama:

- Osha tope siku hiyo hiyo kwa maji na brashi laini. Udongo ukikaukia kwenye ngozi huifyonza unyevu wake na kuipasua.
- Kausha kivulini. Toa soli ya ndani, fungua ulimi, jaza magazeti na uyabadilishe yakilowa. Usiweke kiatu kando ya jiko wala juani. Joto hukausha ngozi ikakakamaa, na gundi ya soli hulegea.
- Paka nta kwenye ngozi ya kawaida. Nta ya nyuki, ambayo wafugaji nyuki wa Handeni wanaijua, huzuia maji vizuri. Paka kidogo kwa kitambaa, sugua, hasa kwenye mishono. Mafuta ya kula yasitumike, kwani huilegeza ngozi kupita kiasi.
- Mabuti ya mpira yawekwe mbali na jua, maana jua ndilo linaloyapasua. Yageuze juu chini yakauke ndani.
- Makoti ya mtumba ya kuzuia mvua, yale ya skii ambayo bodaboda huyavaa alfajiri, yaoshwe kwa sabuni kidogo isiyo kali na kusuuzwa sana. Mabaki ya sabuni na dawa za kulainisha nguo hufanya maji yaingie.

Watu wa skii wana utaratibu huo huo kwa majina mengine. Hufuta maji kwenye kingo za chuma zisishike kutu, hukausha kiatu cha ndani, hufunga vifungo vya buti ili ganda lisipinde, na hupaka nta chini ya skii kulingana na baridi ya siku hiyo.

Hela ni kidogo: uanzie wapi?

Usianze na buti jipya. Fuata mpangilio huu:

1. Peleka buti ulilonalo kwa fundi viatu kabla ya masika. Mwombe asiishie kwenye gundi, bali apige na mshono kuzunguka soli.
2. Nunua soksi jozi mbili nzuri, moja ya kuvaa na moja ya kubadilisha njiani.
3. Badilisha kamba zilizochoka, na ubebe ya akiba.
4. Tafuta soli nzuri ya ndani. Mara nyingi hiyo peke yake hukituliza kisigino mahali pake.
5. Yote hayo yakishindikana, ndipo utafute buti jingine, ukiwa na kipimo chako cha karatasi mfukoni.

Na buti hilo jingine, liwe la dukani au la mtumba, usilipeleke mlimani siku ya kwanza. Livae shambani na sokoni wiki mbili, kisha lipe mteremko mfupi. Likikugonga vidole hapo, bado uko karibu na nyumbani na unaweza kurudi kuvaa lile la zamani.